Ndovu haogopi sanamu: Gemu ya shamba inavyogeuka ya Kitaita

Umewahi kulima ukiwa umelala kitandani? Mimi ndiyo shughuli yangu siku hizi, saa nne usiku hapa Voi, feni inazunguka tu lakini joto halijapata habari kwamba jua limetua.

Gemu yenyewe ni Stardew Valley. Unarithi shamba la babu, unapanda, unavua samaki, unazoeana na wanakijiji, ukipenda unaoa. Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na hadithi, akaitoa Februari 2016. Imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Lakini hilo si ndilo lililonishika. Lililonishika ni kwamba jamaa hakuiacha. Toleo la 1.5 lilikuja 2020, la 1.6 Machi 2024, na aliyenunua siku ya kwanza hajaitishwa hata shilingi ya ziada.

Sasa ingia kwa modi. Modi ni kitu mchezaji mwenyewe anaongeza kwenye gemu: nguo, wanyama, kijiji kizima. Ushaona vijana wa steji wakiendesha mabasi ya Mombasa kwenye ile gemu ya mabasi ya Indonesia? Rangi zile hazikutoka Indonesia, zilichorwa na wasee wa huku. Ndiyo modi hiyo. Na kuna gemu zimebaki hai kwa sababu ya watu kama hao. Kampuni iliyotengeneza Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilitoa gemu 2004, mwaka uliofuata ikafunga. Shabiki mmoja Ujerumani akaendelea kuirekebisha, bure, kwa miaka karibu 20. Hebu fikiria.

Shamba langu lilianza kunikera kwa jambo dogo. Kwenye Stardew adui wa mimea ni kunguru. Unaweka sanamu shambani, kunguru hawagusi kitu, yameisha. Mtu wangu, njoo Sagalla uweke sanamu. Ndovu akitoka Tsavo usiku ataipita kama hajaiona, na asubuhi mahindi ya msimu mzima hayapo.

Mjomba wangu ana shamba huko, na kinachomsaidia ni nyuki. Ua la mizinga: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye hana hamu nao kabisa. Watafiti wa Save the Elephants wamekuwa wakiifanyia kazi mbinu hii Sagalla kwa zaidi ya miaka kumi, na asali inauzwa. Stardew mizinga ya nyuki imo tayari. Ilibaki ndovu tu.

Picha ni rahisi. Kuna modi inaitwa Content Patcher, unaandika faili fupi ya maandishi, unaiambia ibadilishe mchoro huu kwa ule. Theluji ya gemu nimeifuta, nimemwaga vumbi jekundu la Tsavo. Tena limekubali vizuri, maana nyuki wa gemu hawatoi asali majira ya baridi, na mjomba hulalamika vilevile kwamba kiangazi kikiwa kikali mizinga inabaki mitupu.

Ndovu ndiye kanitoa jasho. Kumfanya atembee, ale, akimbie nyuki, lazima uandike programu kwa C#. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani, na somo hilo sikuwa nimefika. Nimejifunza kwa kufungua modi za wengine nione walivyofanya, bando likiisha nangoja kesho.

Nikuonye pia. Apdeti ni panga la makali mawili. Toleo la 1.6 lilipotoka, lilikuja na mengi mazuri kwa watengeneza modi, lakini modi nyingi za zamani zilikwama hadi wenyewe wazirekebishe. Mimi kwa pupa nilisasisha bila kuhifadhi nakala, shamba la miaka minne ya gemu likagoma kufunguka. Hifadhi nakala, tafadhali.

Halafu kuna lugha. Gemu ina lugha 12, Kiswahili hakimo, ila tangu 1.5.5 unaweza kuongeza lugha yako kama modi. Nikaanza. Mmea wa kwanza kabisa unaopewa ni parsnip. Utaiitaje? Mwenzangu anasema figili, mimi nimeandika karoti nyeupe, na bado tunabishana.

Juzi nilimwonyesha mjomba. Akatazama ndovu akizunguka ua, akacheka, akauliza, "Mwanangu, na hao nyuki wako asali wanatoa kweli?" Wanatoa. Tatizo ni ndovu: akichomwa anakimbia kinyumenyume, tena anaelekea kwenye mahindi. Usiku huu ndio narudi kuangalia ni mstari gani nimekosea.