Binti wa Jalebi na Bwana wa Helikopta

Katika michezo ya mapenzi ya Kihindi, wawili watakaopendana sharti kwanza wagombane. Ni michache lakini iliyoipanga shari hiyo vizuri kama "Iss Pyaar Ko Kya Naam Doon?", yaani "Penzi Hili Nilipe Jina Gani?", mchezo wa mfululizo ulioanza kuonyeshwa na stesheni ya Star Plus ya India tarehe 6 Juni, 2011.

Tunaanzia Lucknow, mji wa manawabu, ambao wenyeji wake husifiwa kwa adabu na Kiurdu kitamu. Humo yumo Khushi Kumari Gupta (Sanaya Irani), binti yatima aliyelelewa na mama yake mdogo. Jina lake maana yake ni furaha. Ni msemaji, mshikaji wa dini yake ya Kihindu, na moyo ukimzidi huingia jikoni akakaanga jalebi.

Arnav Singh Raizada (Barun Sobti) yeye haji kwa gari. Anashuka kwa helikopta! Ni tajiri wa mavazi kutoka Delhi. Mungu hamwamini, anachokiamini ni akili yake na fedha zake. Basi tazama mpango ulivyo: mmoja ameinua macho juu akiomba, mwingine anateremka kutoka juu bila hata kumtazama aliye chini.

Wanakutana Sheesh Mahal, jumba la wazee wake Arnav, penye onyesho la mavazi. Khushi anajikuta jukwaani asikoalikwa, anateleza, anaangukia mikononi mwa bwana huyo. Mchezo mwingine ungeanza wimbo hapo. Huyu anamshuku kuwa ametumwa na mahasimu kuja kumharibia kazi, akamfanyia ukatili.

Hapo ndipo mchezo unapouma. Picha za anguko lile zikafika kwenye televisheni, na ndoa ya Payal, dadake Khushi, ikavunjika. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo: mwanamume ameona kosa la dakika moja, nyumba nzima ya watu imevunjiwa heshima. Ikabidi mabinti hao wahamie Delhi kwa shangazi yao, ambako ndiko aliko Arnav.

Nina neno moja na watungaji. Ukali wa Arnav wameupamba mno, hata vijana wakauona ndio uanaume. Muungwana hamdhalilishi binti wa watu kisha akasubiri kupendwa.

Walichofanya vyema ni kuficha kwamba mahasimu hawa wana jeraha moja. Arnav naye ni yatima. Kiburi chake ni kidonda kilichofungwa kitambaa cha hariri. Mambo hayo yalifunuliwa polepole katika vipindi 398, hadi mchezo ulipomalizika Novemba 30, 2012. Na jambo jingine tukalijua baadaye: bwana huyu aliyeangukiwa na binti wa jalebi ana ugonjwa wa kisukari.