Lango la Fido: Ubao wa Matangazo Uliofungua Njia ya Baruapepe

Fido ni programu iliyoandikwa mwaka 1984 na Tom Jennings, mkazi wa San Francisco nchini Marekani, kwa ajili ya ubao wa matangazo wa kielektroniki, yaani kompyuta ya nyumbani iliyofungwa kwenye laini ya simu kupitia modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, ili wapenzi wa kompyuta waipigie mmoja baada ya mwingine, wasome ujumbe uliowekwa humo na kuacha wa kwao. Mwaka huohuo Jennings alibuni namna ya kompyuta hizo kupigiana zenyewe usiku, wakati simu za mbali zilipotozwa bei nafuu, na hivyo ukazaliwa FidoNet, mtandao ulioendeshwa na watu wa kujitolea. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chombo hiki cha burudani, kilichoundwa na watu waliohesabu kila senti ya bili ya simu, ndicho kilichoifaa Afrika Mashariki kuliko mitandao ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, ambayo ilihitaji laini za kukodi zilizo wazi usiku na mchana.

FidoNet haukuhitaji muunganisho wa kudumu. Ujumbe uliandikwa simu ikiwa imekatwa, ukafungashwa pamoja na mwingine na kubanwa ili upungue ukubwa, kisha ukasubiri zamu ya kupelekwa, kama vile barua inavyolala katika sanduku la posta mjini Machakos hadi mwenye ufunguo atakapofika. Kila kituo kilikuwa na anwani ya tarakimu zilizotaja kanda, mtandao wa eneo na kituo chenyewe, na Afrika ilikuwa kanda ya 5. Aliyekuwa na kompyuta isiyo kituo kamili aliweza kujisajili kama pointi, yaani tawi linalochukua barua zake kwenye kituo cha mwingine. Kwa ofisi iliyo Machakos, yapata kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi, mpango huo ulimaanisha simu moja fupi ya mbali badala ya saa nzima ya kusoma na kuandika huku gharama ikipanda.

Ugumu ulikuwa mpakani, ambako FidoNet ulikutana na mitandao mikubwa ya baruapepe. FidoNet ulimtambua mtu kwa jina lake kamili na tarakimu za kituo, ilhali baruapepe ilidai jina lisilo na nafasi, alama ya @ na jina la kikoa. Kompyuta iliyofanya ukalimani huo iliitwa lango. Iliweka nukta mahali pa nafasi iliyotenganisha majina mawili, ikaandika tarakimu za kituo, mtandao na kanda kwa kuzitanguliza herufi f, n na z, na mwisho ikaongeza fidonet.org, hata anwani ya Mwafrika yeyote katika mtandao huo ikabeba z5 ndani yake.

Mjini Nairobi, kituo cha mapema cha FidoNet kiliendeshwa na ELCI, shirika lililounganisha asasi za mazingira, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, ukaunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Lango lao kuu lilikuwa GreenNet ya London, ambako Karen Banks, mzaliwa wa Australia, alilihudumia kwa miaka mingi, kazi iliyomwingiza mwaka 2013 katika Ukumbi wa Heshima wa Intaneti, na ni heshima aliyostahili. Mara nyingi London ndiyo iliyopiga, kwa kuwa dakika ya simu kutoka Ulaya ilikuwa rahisi kuliko dakika ileile kutoka Kenya. Laini ilipochafuka kwa kelele au kukatika faili likiwa nusu, itifaki zilizotumika, yaani kanuni za mazungumzo kati ya modemu mbili, ziliwezesha simu iliyofuata kuendelea pale palipokatikia, na uvumilivu huo ndio uliookoa fedha za watu.

Wako waliokwepa hata simu ya kimataifa. SatelLife, shirika lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo, ikiwamo HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993, ambayo ilipita juu ya kituo cha ardhini mara chache kwa siku, ikachukua barua za madaktari na kuzishusha ilipofika upande mwingine wa dunia.

Mwaka 1995 intaneti kamili ilifika Kenya kupitia ARCC, kituo cha kompyuta cha kanda ya Afrika, lakini ilifika Nairobi kwanza. Aliyekuwa nje ya jiji, akilipia simu yake kwa umbali na kwa dakika, bado alipata nafuu kwa kuandika barua zote kwanza, kupiga, kubadilishana mizigo na kukata.