Nyumba ya Kupangisha: Kwanza Uliza Ardhi ni ya Nani



Miongoni mwa masuala ambayo akina mama hutuletea kila mara ni hili: mtu mwenye akiba aliyoidunduliza katika chama au katika biashara yake ndogo, aanzeje kumiliki nyumba za kupangisha hata apate riziki ya kudumu yeye na wanawe? Suala ni jema, kwani kodi ya nyumba ni chumo la halali na kongwe katika jamii zetu. Walakini kabla ya kuhesabu kodi, yatupasa tujue ardhi ni ya nani. Mtaa wa Ziwani, ulioko Nairobi upande wa Eastlands, watosha kutufunza jambo hilo.

Nyumba za Ziwani, jirani na Kariokor, zilijengwa na wakuu wa mji zama za ukoloni ili wakae wafanyakazi, na hadi leo ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Nairobi. Akaaye humo ni mpangaji wa kaunti, hata kama amezaliwa humo. Basi akikujia dalali akakwambia utoe kilemba ukabidhiwe nyumba, kisha uipangishe chumba kwa chumba, jua kwamba hakuuzii nyumba bali ufunguo. Mpangaji hawezi kuuza asichokimiliki, na siku kaunti itakapotaka nyumba yake, mwenye kutoa kilemba hatakuwa na la kudai. Pangani, karibu na hapo, nyumba za zamani za kaunti zimekwisha kubomolewa na kujengwa magorofa.

Wala si mara ya kwanza kwa jina hilo la Pangani kutajwa pamoja na bomoabomoa. Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa na kijiji cha Pangani kilichokaliwa na Waislamu wengi. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa jasho lao na kupangisha vyumba kwa watu waliokuja mjini kutafuta kazi. Walikuwa hodari wa biashara, ila ardhi haikuwa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji, na wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Nasi wa Mombasa twalijua jambo hili kwa jina la nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi walipa kodi ya ardhi.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupekua. Usitoe hata arubuni kabla wakili wako hajachunguza katika masjala ya ardhi jina la mwenye kiwanja na kama kimewekwa rehani. Kwa ardhi za Nairobi, uchunguzi huo hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa ulioanzishwa mwaka 2021. Kisha mpimaji mwenye leseni akuonyeshe mipaka, na uulize kaunti kama kuna deni la kodi ya ardhi.

Hatua ya pili ni jina. Akina mama wengi hutoa akiba zao kujenga juu ya kiwanja cha mume bila ya maandishi yoyote. Mume akifariki, yote huhesabiwa kuwa mirathi yake, na ikiwa ameacha watoto, fungu la mke ni thumni tu. Sheria yetu humpa mwanamke miliki kamili ya mali yake. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 yamruhusu Muislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Lakini haki isiyoandikwa ni taabu kuithibitisha. Andikeni mapema nani ametoa nini, mbele ya mashahidi. Kadhalika wanachama wa chama wakinunua kwa shirika, kila fungu liandikwe.

Hatua ya tatu ni fedha. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, nazo huuza kwa murabaha, yaani benki hununua kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, au hushirikiana nawe huku ukilinunua fungu lake kidogo kidogo. Soma mkataba wenyewe, usitosheke na jina la benki.

Ama kuhusu hesabu, tuchukue mfano wa vyumba sita, kila kimoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Pato ni shilingi 30,000 kwa mwezi, au 360,000 kwa mwaka. Kwa kuwa limepita 288,000, tangu Januari 2024 serikali hutoza asilimia 7.5 ya pato lote bila ya kutoa gharama: hapa ni shilingi 2,250 kila mwezi, zilipwe kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Weka pia akiba ya ukarabati na ya miezi ambayo chumba kitakaa kitupu. Kinachobaki ndicho pato lako, na kwacho ndipo ufikirie nyumba ya pili. Aliyeanza na vyumba viwili visivyo na deni amemtangulia mwenye ghorofa la mkopo asilolala usingizi.

Na zaka je? Kwa kauli ya wanazuoni wengi, nyumba ya kupangisha yenyewe haitolewi zaka. Hutolewa asilimia 2.5 ya fedha za kodi zilizobaki, zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Mwisho, dada yangu, kabla hujapokea kodi ya mwezi wa kwanza, hakikisha hatimiliki ina jina lako, na mwanao mmoja anajua imewekwa wapi.

Wabillahi tawfiq.