Swali lililonishinda kwenye usaili

Mwaka 2009 nilifunga kibanda changu cha mitumba hapa Rusumo, nikapanda basi la alfajiri kwenda Kigali. Nilikuwa nakwenda kwenye usaili wa Tusker Project Fame, shindano la uimbaji la televisheni lililoanza Nairobi mwaka 2006.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yangu ilipofika niliimba bila ala. Kisha nikaulizwa, 'Unatoka wapi?' Nikashikwa na kigugumizi. Nilizaliwa Karagwe wazazi wakiwa wakimbizi, nikarudi Rwanda mwaka 1995. Huku naitwa Mtanzania, ng'ambo ya Kagera naitwa Mnyarwanda.

Sikuchaguliwa. Sauti ilinikauka, sina wa kumlaumu.

Waliochaguliwa walikaa pamoja Nairobi mbele ya kamera, watazamaji wakiwapigia kura kwa ujumbe wa simu. Nilidhani wenye nchi kubwa ndio watakaotamba. Kumbe wapi! Mwaka huohuo alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na mwaka 2013 akashinda Hope Irakoze wa Burundi.

Usiku wa fainali ya 2009 nilikuwa upande wa Tanzania, nimekwenda kufuata mzigo. Madereva wa malori na akina mama wauza ndizi walishangilia pamoja nami, na wengine walikuwa wamempigia kura Alpha.

Ndugu msomaji, swali lile nikiulizwa leo sitababaika. Natoka mpakani, nina majirani pande zote mbili.