Lita moja, kilomita ngapi? Namna ya kupunguza mafuta kwenye pikipiki na gari

Jioni dereva wa bodaboda anapofunga kazi, hela aliyonayo mfukoni ina wenyewe watatu. Wa kwanza ni tajiri mwenye pikipiki, anayesubiri hesabu yake. Wa pili ni kituo cha mafuta. Wa tatu ni dereva mwenyewe na familia yake, na huyo hupata kilichobaki. Hesabu ya tajiri haishuki. Bei ya mafuta nayo huwezi kuipangia. Ila kiasi cha mafuta ambacho chombo kinakula kwa kila kilomita, hicho kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwako.

Makala haya yanaeleza mafuta yanakopotelea na unachoweza kufanya bila kununua kifaa chochote cha ajabu. Mifano mingi ni ya pikipiki, lakini mwenye gari dogo naye atapata chake.

Kwanza pima

Madereva wengi husema "chombo changu kinakula sana" bila kujua kinakula kiasi gani. Ukiwa hujapima, huwezi kujua kama fundi amekusaidia au amekupiga hela. Njia ya kupima ni rahisi.

Jaza tenki mpaka alama unayoweza kuikumbuka, kwa mfano ukingo wa chini wa shingo ya tenki, pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi kubwa. Andika kwenye simu namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida mpaka upite angalau kilomita 150. Kisha rudi kituo kilekile, jaza tena mpaka alama ileile, na uangalie lita ulizoongeza. Gawa kilomita kwa lita.

Tuseme ulianzia 18,420 na sasa dashibodi inasoma 18,676. Umetembea kilomita 256. Kama zimeingia lita 6.4, basi lita moja imekupeleka kilomita 40. Rudia mara tatu, maana siku ya mvua na tope hailingani na siku ya jua.

Kama waya wa mita umekatika, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za kijijini, tumia safari ambayo umbali wake unajulikana, au pima umbali kwa ramani ya simu.

Mafuta yanaenda wapi?

Katika injini ya petroli, sehemu kubwa ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hugeuka joto na kutokea kwenye injini na ekzosi. Inayofika kwenye gurudumu ni kama robo hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Hiyo robo nayo ina kazi nne: kusukuma upepo ulio mbele yako, kuzungusha tairi zinazobonyea barabarani, kupandisha mzigo mlimani, na kuongeza mwendo kila unapoondoka.

Kazi ya mwisho ndiyo watu wengi hawaioni. Ukivuta resi kwa nguvu halafu mita 100 mbele ukafunga breki kwa sababu ya tuta, mwendo wote uliounua kwa mafuta umegeuka joto kwenye breki. Baada ya tuta unaununua upya.

Mkono wako ndio unaokula

Angalia mbali. Ukiona tuta, kona au ng'ombe wanavuka, achia resi mapema na uache chombo kipungue chenyewe. Dereva anayefika kwenye tuta akiwa tayari na mwendo mdogo hutumia mafuta kidogo, na pedi za breki zake huishi zaidi.

Panda gia mapema, bila kuinyanyasa injini. Kukimbia kwa gia ya pili huku injini inalia ni kuchoma mafuta bure. Lakini kulazimisha gia ya juu mlimani mpaka injini inagonga na kutetemeka nako kunaumiza injini. Isikilize: ikiwa inavuta kwa utulivu, gia ni sahihi.

Punguza kasi. Upepo unaokuzuia haukui sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu ya upepo inakaribia kuwa mara 1.8. Ndiyo maana safari ya lami ndefu kwa kasi kubwa hukausha tenki. Kwa mwenye gari, keria tupu juu ya paa nalo hukamata upepo huohuo. Kama huna mzigo, livue.

Zima injini unaposubiri. Gari dogo likisimama huku linaunguruma huweza kula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kwenda popote. Ukimsubiri abiria aliyeingia dukani au zahanati zaidi ya dakika moja, zima.

Upepo wa tairi, mnyororo na breki

Tairi lenye upepo pungufu hubonyea zaidi kila linapozunguka, na kubonyea huko hulipiwa na mafuta. Pima angalau mara moja kwa wiki, asubuhi kabla tairi halijapata moto. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha chombo au kibandiko, mara nyingi karibu na mnyororo kwa pikipiki na kwenye fremu ya mlango kwa gari. Tairi la nyuma la pikipiki huhitaji upepo zaidi ukibeba abiria au mzigo. Usizidishe kupita kiwango ukidhani utaokoa zaidi. Tairi gumu kupita kiasi huteleza kwenye changarawe.

Mnyororo mkavu, wenye mchanga au uliokazwa sana hula nguvu kabla haijafika gurudumuni. Usafishe, uupake mafuta, na uhakikishe unacheza. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya mnyororo ndio wa kawaida, lakini fuata kitabu cha chombo chako.

Kisha weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia ikiwa huru, na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama mara moja au ukisikia kukwaruza, breki inagusa. Hapo unaendesha siku nzima huku umefunga breki kidogo.

Ea klina, plagi na kabureta

Pikipiki nyingi za bodaboda bado zinatumia kabureta. Kabureta huchanganya hewa na petroli. Ea klina ikijaa vumbi, hewa hupungua, petroli inazidi, na moshi unaanza kuwa mweusi. Kwenye barabara ya vumbi, ikague kila wiki. Ya sponji huoshwa, hukaushwa kabisa na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi, hung'utwa au kubadilishwa. Usiitoe kabisa ili chombo "kipumue". Vumbi likiingia ndani litasaga silinda na pistoni, na gharama yake haitalingana na mafuta yoyote uliyookoa.

Kwa magari yanayotumia mfumo wa kompyuta badala ya kabureta, ea klina chafu hupunguza zaidi nguvu ya gari kuliko kuongeza ulaji wa mafuta, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Bado inafaa kuisafisha.

Plagi ni shahidi mzuri. Ifungue injini ikiwa imepoa. Ncha ya rangi ya kahawia ni dalili njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi: angalia ea klina, angalia kama choki imerudi, kisha mwone fundi arekebishe kabureta. Choki iliyosahaulika asubuhi inaweza kukugharimu siku nzima.

Mteremkoni usizime injini

Wako wanaozima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko mrefu ili "kula bure". Msikilizaji, acha mchezo huo. Bila gia, injini haisaidii kuzuia chombo na kazi yote inaachiwa breki. Breki zikipata moto sana, hupoteza nguvu wakati unazihitaji. Gari likizimwa, usukani huwa mgumu na breki hukosa msaada wa injini.

Tena kwa magari ya mfumo wa kompyuta, hesabu yenyewe haiko hivyo. Ukishuka na gia huku mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli, wakati kwenye gia huru injini lazima ile kidogo ili isizimike. Kwa hiyo gia inakulinda na pia inaokoa.

Kwenye pampu

Hapa Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, na bei hutofautiana kutoka wilaya hadi wilaya kwa sababu ya usafirishaji. Muuzaji anaruhusiwa kuuza chini ya kikomo, haruhusiwi kuuza juu yake. Unaweza kuangalia bei ya eneo lako kwa simu ya kawaida ukipiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Kabla ya kujaziwa, hakikisha pampu inasoma sifuri. Angalia kama ina alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, na udai risiti. Ukinunua kwenye chupa kijijini, kumbuka kwamba huna uhakika wa ujazo wala usafi wake. Kipimo chako cha kilomita kwa lita kitakuonyesha: kikishuka ghafla kila unapojaza sehemu moja na kupanda unapojaza kwingine, tatizo si pikipiki.

Usichanganye petroli na mafuta ya taa kwa tamaa ya kupunguza gharama. Mafuta ya taa hayaungui vizuri kwenye injini ya petroli. Huifanya igonge na kuacha masizi.

Je, kujaza alfajiri kunaongeza mafuta kwa sababu ya baridi? Ni kweli petroli hutanuka kwa joto, takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja. Lakini tenki la kituo liko chini ya ardhi, na huko joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Usivunje usingizi kwa ajili hiyo.

Inaleta nini mwisho wa mwezi?

Turudi kwa dereva wetu wa kilomita 40 kwa lita. Tuseme anatembea kilomita 120 kwa siku. Anatumia lita 3. Akirekebisha upepo, mnyororo, ea klina na mkono wake, akafika kilomita 44 kwa lita, atatumia lita 2.73 hivi. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ameokoa kama shilingi 800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni zaidi ya shilingi 20,000. Tajiri hakuongezewa, abiria hakupandishiwa nauli.

Anza wiki hii na mambo mawili tu: pima ulaji wa sasa, kisha pima upepo wa tairi. Baada ya hapo rekebisha jambo moja kwa wakati na upime tena. Ukibadilisha vitu vitano siku moja, hutajua kipi kimekusaidia. Namba zote ziandike kwenye simu. Siku fundi atakapokuambia chombo kinahitaji kabureta mpya, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.