Ethi Iliyopimwa Wakati wa Mvua

Vituo vya umeme vya vyuo vikuu, vile vinavyopokea volti 11,000 na kuzishusha hadi 400 kwa ajili ya madarasa na mabweni, hukabidhiwa vikiwa na karatasi nyingi. Namba inayonitia wasiwasi kuliko zote humo ni ya ukinzani wa ethi, yaani fito za shaba zilizochomekwa ardhini. Mkandarasi amepima, mhandisi mshauri ametia sahihi, jalada limefungwa. Miaka inapita bila mtu kupima tena.

Kumbe namba ile ni ya udongo wa siku ile. Katika mji kama Dodoma mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, kisha ardhi hukauka kwa miezi mingi. Umeme husafiri ardhini kwa msaada wa maji na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Udongo ukikauka, ukinzani wa fito zile zile za shaba hupanda, hasa zilizoishia juujuu kwa sababu fundi alikutana na mwamba. Ethi iliyopimwa Machi imefaulu mtihani wa Machi tu.

Madhara yake ni ya kweli. Hitilafu ikipeleka ampea 300 ardhini kupitia omu 1, vyuma vya kituo vilivyoungwa na ethi hupanda volti 300 juu ya ardhi ya mbali. Omu zikifika 10, hata mkondo ukipungua kiasi, hizo ni volti elfu mbili na zaidi. Mwanafunzi aliyeegemea uzio wa chuma saa hiyo huwa njia ya umeme, kutoka kiganjani hadi nyayoni. Kokoto zinazotandazwa kituoni zipo kwa ajili hiyo: huongeza ukinzani chini ya miguu. Inauma kuziona zikichotwa kwenda kutengenezea njia ya bustani.

Upimaji wenyewe nao una mitego. Njia inayoaminika hutaka msumari wa mkondo uchomekwe mbali na kituo, na wa volti uwe kwenye asilimia 62 hivi ya umbali huo. Chuoni, umbali huo umejaa lami, mabomba, nyaya na misingi ya majengo. Basi fundi huchukua kipimo cha kubana waya. Fito zikiwa zimeungana chini kwa chini, kifaa hicho husoma mzunguko wa shaba, si udongo, na namba hutoka nzuri mno.

Halafu kuna wezi wa shaba. Waya wa ethi ukikatwa, mara nyingi taa huendelea kuwaka na hakuna anayelalamika.

Dawa ninayoiona iko kwenye mkataba. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, kwa kawaida ni miezi 12, hivyo lazima kipitie kiangazi. Kipimo cha pili kifanyike kiangazi kikiwa ukingoni, fundi wa chuo akiwepo, kabla mkandarasi hajalipwa fedha zake zilizozuiliwa.