'Frijolero': Wimbo wa matusi unaotetea utu wa mhamiaji

KATIKA lugha ya Kihispania, 'frijol' ni haragwe. 'Frijolero' basi ni mla maharagwe, tafsiri ya tusi ambalo baadhi ya Wamarekani huwarushia watu wa Mexico. Kundi la Molotov liliokota tusi hilo na kulifanya anwani ya wimbo uliovuma mno mwaka wa 2003.

Molotov, lililoanzishwa jijini Mexico City mwaka wa 1995, huchanganya muziki wa kufokafoka na roki. Hata hivyo, katika wimbo huu uliomo kwenye albamu ya 'Dance and Dense Denso', vijana hao walitumia pia kodiani na mdundo wa kaskazini mwa nchi yao, ule unaopendwa na wakazi wa mpakani.

Wimbo umejengwa kama ugomvi. Mmexico amechoshwa na dharau. Mmarekani naye hataki kuitwa 'gringo'. Wanatupiana maneno makali kwa Kihispania na Kiingereza. Anapolaumiwa kwa kuuza dawa za kulevya, Mmexico anajibu kwamba Wamarekani ndio wanaozitumia.

Kiini cha wimbo kimo katika sauti ya Randy Ebright, mpiga ngoma wa kundi hilo, ambaye ni mzaliwa wa Marekani. Ni yeye anayefoka kwa Kihispania chenye lafudhi ya kwao, akimtaka msikilizaji ajitie katika viatu vya mhamiaji anayevuka mpaka huku akikwepa risasi za wenye mashamba.

Hayo hayakuwa mambo ya kubuni. Mwaka wa 1994, Marekani iliimarisha ulinzi karibu na mji wa San Diego, California. Wahamiaji wengi wakalazimika kupitia jangwa la Arizona, na idadi ya waliofariki kwa joto na kiu ikaongezeka.

Wimbo pia unamtaja Santa Anna, jenerali aliyeongoza Mexico katika vita dhidi ya Marekani. Kwa mkataba uliotiwa saini mwaka wa 1848, Mexico ilipoteza California na maeneo mengine mapana. Ukihesabu Texas, iliyotwaliwa na Marekani mwaka wa 1845, zaidi ya nusu ya ardhi yake ilikuwa imekwenda. Hoja ya Molotov ni kwamba anayeitwa mgeni leo huenda amesimama katika ardhi iliyokuwa ya mababu zake.

Video ya wimbo huo, iliyochorwa kwa mtindo wa katuni, ilishinda tuzo ya Latin Grammy mwaka wa 2003.

Wapo wanaoukwepa wimbo huu kwa sababu ya lugha yake chafu. Lakini matusi yale yamewekwa makusudi ili kila upande uonje uchungu wa maneno yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.